Kelvin Hakuulizwa Kitu

Nani alinipa kazi hii, sijui. Hapa Mabamba, Kibondo, mtoto akizaliwa, mashangazi wanaleta kuni, jirani analeta mkungu wa ndizi, na baba wa mtoto anakuja kwangu kutafutiwa jina. Sina hekima kuliko wenzangu. Nina miwani, nina mwandiko unaosomeka, na nina mjukuu mwenye simu ya tachi ambayo mara inakamata mtandao wa kwetu, mara inatukaribisha Burundi. Kwa sifa hizo nimekuwa mtaalamu wa majina wa kata nzima, bila mshahara, bila posho, na wanaokuja hawaji hata na kipande cha muwa.

Zamani jina lilikuwa kazi ya bibi mmoja na jioni moja. Bibi aliangalia mtoto ni wa ngapi, mvua inanyesha au jua linawaka, nani kafariki mwezi ule, nani kagombana na nani, akatamka. Imekwisha, leteni chakula. Siku hizi vijana wanataka jina “lenye maana”. Nikisikia hivyo natafuta fimbo yangu mapema, maana najua tutakaa pale mpaka kuku waingie bandani. Utadhani babu zao waliokota majina barabarani.

Wiki iliyopita kaja kijana wa bodaboda, kijana mzuri tu, mwenye adabu, ila kichwa chake kiko Ulaya.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mama na mtoto hawajambo?”

“Hawajambo. Wa kiume. Nataka aitwe Kelvin. Naomba uniangalizie maana yake, isije ikawa ya ajabu.”

Mjukuu akapekua simu. Kelvin ni mto. Mto wenyewe si mkubwa, unapita katika jiji la Glasgow, kule Uskoti. Mwanasayansi mmoja, William Thomson, alipopewa ubwana na Malkia mwaka 1892, alichukua jina la mto uliopita karibu na chuo kikuu alichofundisha, akawa Lord Kelvin. Baadaye kipimo cha joto kikapewa jina lake, na kutoka hapo, Mungu anajua kwa njia gani, jina likafika Mabamba na kuzaliwa nyumba baada ya nyumba.

“Kwa hiyo,” nikamwambia, “unampa mwanao jina la mto wa Waskoti. Sisi tuna Malagarasi, mto wa pili kwa urefu nchini, unamwaga maji Ziwa Tanganyika. Mbona hujamwita Malagarasi?”

Akacheka mpaka akashika mti. “Mzee! Atachekwa shuleni.”

Kelvin likabaki Kelvin. Ndivyo wanavyofanya wote: wanakuuliza maana, unawapa maana, wanaondoka na jina walilokuja nalo.

Na hizo maana zenyewe afadhali usiulize. Nimetazama majina ya Kizungu mengi kwa miwani hii, na nakuambia wenzetu hawana huruma. Claudia linatokana na neno la Kilatini la kiwete. Cecilia, kipofu. Calvin, ambalo wengi hapa wanalichanganya na Kelvin, asili yake ni upara. Cameron la Waskoti ni pua iliyopinda. Kennedy, lile la rais wa Marekani, ni jina la ukoo wa Ireland ambalo wataalamu wanabishana kama ni kichwa chenye kofia ya chuma au kichwa chenye sura mbaya. Warumi ndio walikuwa hatari zaidi; msemaji wao mkuu, Cicero, aliyetikisa baraza zima kwa hotuba, jina lake limetokana na dengu. Dengu hizi hizi za kuchemsha.

Nilimweleza mama mmoja habari ya Cecilia kwa nia njema. Alinitazama kama nimemtukania kwaya, na kweli nilikuwa nimeitukana, kwa sababu Mtakatifu Sesilia ndiye msimamizi wa wanamuziki, na kwaya za jina hilo zimejaa parokia za Tanzania. “Mzee,” akaniambia, “binti yangu atakuwa anaimba, hatakuwa anatazama.” Sikuwa na jibu.

Kundi jingine linaloniudhi ni la akina Wilson, Jackson, Nelson, Johnson na Anderson. Ile “son” ya mwisho ni mwana wa fulani. Wilson ni mwana wa Will, Jackson mwana wa Jack, Anderson mwana wa Andrea. Sasa Jackson wetu wa pale kwenye mashine ya kusaga, baba yake ni Bukuru na babu yake ni Ntakirutimana. Jack ametokea wapi? Mama yake ni mwanamke mcha Mungu, ningeomba maswali haya yasifike mbali. Nelson ndiyo kabisa: Mandela alizaliwa akaitwa Rolihlahla, yaani mvuta matawi ya mti, na kwa lugha ya mtaani kwao ni mtoto mkorofi. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akamgawia Nelson. Ulimwengu ukamsifu Nelson, lakini aliyewasumbua makaburu miaka yote ile ni Rolihlahla.

Nimesema sana ya watu, niseme ya kwangu. Mimi ni Nyandwi.

Kwa wasomaji wa pwani na kwingine, Nyandwi ni mtoto wa saba. Kiha chetu na Kirundi cha ng'ambo ya mpaka ni ndugu wa tumbo moja, na majina yanavuka kama mbuzi, bila pasipoti. Wa saba ni Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Kaka na dada zangu walionitangulia walipewa majina ya heshima, ya kumshukuru Mungu, ya kumsifu, ya kumtegemea. Ilipofika zamu yangu baba alikuwa amechoka kushukuru, akaanza kuhesabu. Akaja Minani. Akaja Nyabenda. Mama akakataa Bucumi, akafunga daftari, na hadi leo hatujamshukuru vya kutosha.

Jina hili ni adha. Nikijitambulisha popote kwa watu wanaojua, swali la kwanza ni: wale sita wako wapi? Kana kwamba nimewaficha. Nimesimama mbele ya mahakama ya mwanzo kama shahidi wa kesi ya ng'ombe, hakimu akaniuliza kwanza habari za familia, ng'ombe baadaye.

Lakini baada ya mjukuu kuniletea simu, nimegundua kwamba tunaohesabiwa ni wengi na wengine ni wakubwa. Kwame Nkrumah wa Ghana: Kwame ni mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumamosi, na Nkrumah kwa Waakan ni jina la mtoto wa tisa. Ni Nyabenda mtupu, mdogo wake Minani. Kofi Annan, yule aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi ni wa Ijumaa, yaani kwa Kiswahili chetu alikuwa Juma tu kama Juma wa duka la simenti. Roma ilitawaliwa tangu mwaka 193 hadi 211 na Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, na jina la ukoo wake lina saba ndani yake. Nyandwi mwenzangu, tena Mwafrika, tena kaisari. Nimemweleza mke wangu. Alisema vizuri, kaisari akachote maji.

Haya ya namba yana afadhali. Majina mabaya kwetu ni yale ambayo mzazi anamsemea mtoto ugomvi wake. Ukiyasikiliza majina ya huku kwa makini utaona yako ya aina mbili. Aina moja inazungumza na Mungu: Hakizimana, Mungu ndiye anayeponya, Bizimana, Mungu ndiye ajuaye, Ntakirutimana, hakuna kimpitacho Mungu, Ndayishimiye, namshukuru, jina la rais wa sasa wa Burundi. Aliyemtangulia, Nkurunziza, alikuwa Habari Njema. Hayo sina ugomvi nayo. Aina ya pili inazungumza na jirani, na hapo ndipo kuna “Nta” na “Nti” nyingi, maana mtu wa kwetu akikasirika huanza kwa kukana. Hawanitendei haki. Hawanipendi. Sina pa kukimbilia. Burundi iliwahi kuwa na rais, Sylvestre Ntibantunganya, ambaye jina lake lote ni lalamiko, na aliapa kazini akiwa nalo hivyo hivyo.

Kitongojini kwetu kulikuwa na mzee aliyegombania mpaka wa shamba la mihogo na jirani yake. Mwaka ule mkewe akajifungua, mzee akampa mtoto jina la kusema kwamba watu wa hapa wanamwinda. Jirani akaelewa limemlenga nani. Yeye hakuwa na mtoto mchanga, alikuwa na mbwa, akambadilisha mbwa jina akamwita Semeni. Kila jioni unasikia upande huu mama anaita mtoto, upande ule mzee anaita mbwa, wanajibizana mpaka giza. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, ana wajukuu. Jina lake ni barua ya malalamiko: aliyeiandika amekufa, aliyeandikiwa amehamia Kasulu, na aliyetumwa kuipeleka bado anaibeba, anaisainia mikopo.

Wala msidhani ni sisi Waha tu. Nendeni popote Tanzania mtakutana na Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Sikujua, Sikudhani, Majuto. Mheshimiwa Doto Mashaka Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, anabeba pacha na matatizo katika majina mawili tu. Mwaka 2015 tulimpigia kura marehemu John Pombe Magufuli, na Pombe hiyo haikumzuia kufika Ikulu. Baba wa Taifa naye alizaliwa siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Julius lilikuja mwaka 1943 alipobatizwa, akiwa mtu mzima. Na Nyerere, jina la baba yake, ni viwavi, kwa sababu viwavi vilivamia nchi yao mzee yule alipozaliwa. Viwavi na mvua vimetupa uhuru. Kaguta Museveni wa Uganda jina lake limetokana na Abaseveni, askari waliotumikia kikosi cha saba cha jeshi la Mwingereza, King's African Rifles. Saba tena! Naye ni Nyandwi, ila wa bunduki.

Tukifika kwenye mapacha, nanyamaza kidogo kulalamika, kwa sababu hapa naona watu wa kale walifanya kazi safi. Kwetu pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili Butoyi, mkubwa na mdogo, hakuna kuuliza maana. Wasukuma wana Kulwa na Doto, na majina hayo yameenea nchi nzima mpaka Wachaga na Wamakonde wanayatumia. Waganda wana Wasswa na Kato, Wajaluo Opiyo na Odongo. Na anayezaliwa baada ya mapacha hasahauliki, maskini, ana jina lake: kwetu Kiza, Burundi Ciza, Uganda Kizza, Usukumani Shija, na kwa Wajaluo na Walango, Okello. Okello huyo mnamfahamu. Yule Fildimashali John Okello wa Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 12, 1964, alikuwa Mlango kutoka Uganda. Wanahistoria wanabishana alifanya kiasi gani na wengine walifanya kiasi gani, lakini la jina halina ubishi: huyo ni Kiza. Nimewaambia akina Kiza wa hapa Mabamba, sasa hawashikiki.

Halafu kuna jina la pili, la kanisani. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakapanda huku Buha polepole, na kalenda ya watakatifu ikapanda nao. Ndiyo maana milima hii yetu imejaa Deogratias, Evaristi, Leokadia, Goreti na Skolastika ambao hawajawahi kuona Roma hata kwenye picha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka padri ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na wazazi wakigoma, yeye aongeze la mtakatifu. Mimi nilibatizwa chini ya sheria hiyo. Baba alisema Nyandwi. Padri akasema hakuna Mtakatifu Nyandwi. Wakavutana, nikatoka pale Deogratias, Kilatini cha kumshukuru Mungu. Yaani shukrani ambayo baba alichoka kuitoa kwa Kiha, padri aliilazimisha kwa Kilatini.

Sheria ya mwaka 1983 imelegeza. Sasa inasema tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Nyandwi lingepita. Nilizaliwa mapema mno.

Ng'ambo ya ziwa walikuwa na shida ya kinyume. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire, Kongo ya leo, aliamuru Wazaire wote watupe majina ya Kizungu, na padri ambaye angebatiza mtoto kwa jina la Ulaya alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga, jina ambalo karani wa fomu zetu angelia akiliona. Kasulu, kwa upande wetu, hawakupata shida hii. Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare wa Heru alikuwa Theresa kanisani na Ntare barazani, na Ntare ni simba. Aliyetaka mtakatifu alimpata, aliyetaka simba alimpata.

Sasa nimetaja karani, nimejiponza, maana hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo na kifua kinaniwaka.

Serikali ilipotutaka tusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019 kuelekea 2020, kila mtu alihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja, na sitasema ni mji gani. Foleni ilianzia kwenye mwembe. Mbele yangu alikuwa kijana mmoja, shati jeupe, simu mbili.

“Jina?”

“Kelvin Wilson Jackson.”

Karani akaandika bila kuinua kichwa. Kidole hapa, kidole hapa, tazama kamera, asante, anayefuata. Mto wa Glasgow, mwana wa Will, mwana wa Jack: hakuulizwa kitu. Hakuulizwa alivuka mpaka gani, wala Jack alikuja kwa meli ipi.

Nikasogea mimi.

“Jina?”

“Nyandwi.”

Kichwa kikainuka. “La Kikristo?”

“Deogratias.”

“La babu?”

“Ntakirutimana.”

Akaweka kalamu chini. “Mzee, wewe ni Mrundi?”

Jamani. Nimezaliwa hapa, baba kazaliwa hapa, babu kazaliwa hapa wakati hakuna mpaka wa kuvuka. Nchi hii yote, ya kwetu na ya Burundi, ilikuwa chini ya Mjerumani; ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndipo Mwingereza alipochukua upande huu na Mbelgiji upande ule, wakagawana watu waliokuwa wanaoana na kugombania mbuzi tangu zamani. Mpaka ni mdogo kwa babu yangu. Ilibidi mpaka ndio ulete uthibitisho.

Naelewa wanachoogopa. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, wakaja tena 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wakaja tena 2015, na kambi ya Nduta hapa Kibondo ikafunguliwa upya mwaka huo. Tuliishi nao, tuliuziana maharage, wengine wamerudi. Mlinzi wa mlango ana haki ya kuuliza. Ila aulize wote. Anayetaka kujificha hapa hatajiita Nyandwi, mtu mwenye akili timamu atajiita Kelvin.

Niliambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha baba. Baba yangu alizaliwa mwaka wa njaa. Ndicho cheti chake. Nikaambiwa nilete barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi, cheti cha ubatizo, cheti cha shule. Hapo ikaanza hadithi ya pili, ya R na L. Kwenye cheti cha ubatizo babu ni Ntakirutimana. Kwenye cheti cha darasa la saba ni Ntakilutimana, kwa sababu mwalimu mkuu alitoka mkoa ambao R ni mgeni. Kwenye kadi ya kupigia kura ni Ntakirutiman, kwa sababu visanduku vya fomu vilikwisha. Hakuna kimpitacho Mungu, lakini visanduku vilimpita.

“Hawa ni watu watatu,” karani akasema.

“Ni babu mmoja,” nikasema.

Nikaandikiwa kiapo kwa mwanasheria kwamba hao watatu ni mmoja. Nimelipia kiapo cha kumuunganisha babu yangu mwenyewe. Na siko peke yangu. Akina Kiza wa hapa wana hali mbaya zaidi, maana mmoja ana Kiza kwenye kadi ya kliniki, Chiza kwenye cheti cha kidato cha nne kama lile la Mheshimiwa Christopher Chiza aliyekuwa mbunge wa Buyungu na Waziri wa Kilimo, na Ciza kwenye barua ya shangazi yake wa Gisuru, Burundi. Mtoto mmoja aliyefuata mapacha, na sasa yeye mwenyewe ni watatu.

Mjukuu ananiambia kuna kisiwa cha baridi, Iceland, ambako watu wengi hawatumii jina la ukoo. Ni lako na la baba yako, kama sisi. Mwanamuziki wao maarufu, Björk, ni Guðmundsdóttir, yaani binti Guðmundur. Kule tangu mwaka 1991 kuna kamati ya serikali: jina lisilokuwa kwenye orodha linapelekwa, wajumbe wanalikagua kama linaendana na lugha yao, wanalikubali au wanalikataa. Nilitamani ile kamati mpaka nikaota. Wangekaa benchini kwangu, mimi nikalale. Kisha nikakumbuka kamati za kwetu zinavyoundwa, na posho zake, na kwamba mwenyekiti bila shaka angeitwa Wilson, nikaacha kutamani.

Kijana wa bodaboda amerudi jana. Amekuja kunijulisha kwamba mama yake mzazi amepiga simu kutoka Kakonko, kasema mtoto huyu ni wa saba kwenye nyumba, kama hawajui kuhesabu yeye anajua. Kwa hiyo ni Kelvin Nyandwi. Ananitazama kama kaniletea zawadi. Nimempongeza, nimempa na ndizi za kumpelekea mama mtoto, lakini sikumficha: kwenye dirisha la ofisi, Kelvin litapita, na Nyandwi litaambiwa lisubiri pembeni.

Basi ninyi mnaotarajia watoto, iteni mnavyotaka, Kelvin, Malagarasi, Dengu, mimi nimechoka. Ombi langu ni dogo. Herufi mtakazoandika kwenye kadi ya kliniki ziwe zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa, zilezile kwenye ubatizo au kwenye daftari la madrasa, zilezile siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, na simameni pale dirishani mpaka mwandishi amalize, msiondoke kwa haya. Chukueni cheti mtoto akiwa mchanga, wakati babu yake bado yupo wa kuulizwa. Nanyi mnaokaa upande wa pili wa dirisha, wengi wenu ni vijana wetu wazuri, tumewasomesha kwa maharage ya mashamba haya: Kiha kina R. Iandikeni.